Nina dodoso na thamani za mikataba: nitapataje tani za hewa ukaa?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa ugavi katika halmashauri moja ya Nyanda za Juu Kusini, na nasoma shahada ya uzamili. Mada yangu ni mchango wa ununuzi endelevu wa umma katika kufikia lengo la nchi la kupunguza hewa ukaa. Nimeandaa dodoso la maofisa 120, lenye majibu ya 'nakubali sana' hadi 'sikubali kabisa', na ninaweza kupata thamani za mikataba kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi mtandaoni, kwa halmashauri tano. Msimamizi wangu anasema bila tani hakuna tasnifu. Nimeona mtandaoni majedwali ya kuzidisha fedha uliyotumia kwa namba fulani, unapata tani. Niyatumie? Na halmashauri tano zinatosha?"

Marahaba, dada. Msimamizi wako yuko sahihi, na nitaanza na dodoso kwa sababu ndilo litakalokumalizia nauli na muda.

Ukiwauliza maofisa ugavi 120 kama ununuzi endelevu unapunguza hewa ukaa, watakubali, na wengi watakubali sana. Wamehudhuria semina zilezile ulizohudhuria wewe. Halafu utaweka majibu hayo kwenye programu ya takwimu, upate uhusiano mzuri kati ya "tunazingatia mazingira katika zabuni" na "utendaji wetu wa mazingira umeboreka", ilhali mtu yuleyule ndiye aliyejibu maswali yote mawili kwa kalamu moja. Maktaba za vyuo vyetu zimejaa tasnifu za namna hiyo, Tanzania na Kenya kwa pamoja, na hakuna hata moja inayoweza kukwambia kama lita moja ya dizeli iliokolewa. Usilitupe dodoso lote. Bakiza maswali machache ya wazi kuhusu kwa nini sharti la mazingira liliandikwa kwenye zabuni lakini halikukaguliwa wakati wa kupokea mali. Hilo watu wanalijua, na wengine watakueleza vizuri kuliko mwongozo wowote.

Sasa majedwali ya fedha. Yanajengwa hivi: mtafiti anachukua sekta nzima ya uchumi, tuseme vifaa vya ujenzi, anatafuta gesijoto yote iliyotolewa mpaka bidhaa zikafika sokoni, kisha anaigawa kwa thamani ya mauzo. Anapata kilo za hewa ukaa kwa kila dola au yuro. EXIOBASE na USEEIO ya Marekani ni mifano inayotumika sana. Yana kazi yake halali, ambayo ni kukuonyesha mzigo umelala wapi. Hesabu za namna hii, zikichanganywa na takwimu nyingine, ndizo zilizowaonyesha watu wa huduma ya afya ya Uingereza, NHS, kwamba karibu asilimia 62 ya hewa ukaa yao ya mwaka 2019 ilitoka kwenye vitu na huduma wanazonunua. Majengo na magari yao wenyewe, yaliyokuwa yakitazamwa na kila mtu, yalikuwa sehemu ndogo. Kwa kuchagua pa kuanzia, hesabu hiyo inatosha.

Kwa kupima upungufu haitoshi, na mfano wa karibu ni madarasa ya mwaka 2021. Serikali ilipata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 kwa bei moja nchi nzima: shilingi milioni 20 kwa darasa. Zidisha milioni 20 kwa namba ya jedwali uone kinachotokea. Kila darasa Tanzania litakuwa na hewa ukaa ileile. La Mbeya, linalochukua saruji kiwandani Songwe hapo jirani, litalingana na la Kigoma ambalo saruji yake imesafiri mamia ya kilomita. Lililopigwa lipu kwa saruji ya daraja la nguvu la 42.5 bila sababu litalingana na lililotumia ya nguvu ndogo, 32.5. Data yako itakuwa na madarasa 15,000 na tofauti sifuri, na mwanatakwimu hana la kufanya na sifuri.

Ubaya mwingine wa fedha ni kwamba bei ikipanda, hewa ukaa "inapanda" bila mtu kuwasha tanuri. Shilingi ikishuka dhidi ya dola, inageuka tena, kwa kuwa jedwali limeandikwa kwa dola au yuro ya mwaka fulani wa nyuma. Na siku mtakaponunua kiyoyozi kinachokula umeme kidogo kwa bei ya juu zaidi, jedwali litaandika kwamba mmechafua zaidi. Yaani kipimo kinamwadhibu anayefanya vizuri.

Kwa hiyo kusanya wingi: lita, mifuko, kilo, yuniti. Hapa wewe una bahati kuliko mtafiti wa nje, maana unajua makaratasi yanakaa wapi. NeST itakupa zabuni, mshindi na thamani. Wingi uliopokelewa kweli uko kwenye leja ya stoo na hati za kupokelea mali. Mafuta yako kwenye logibuku za magari na kwenye kumbukumbu za GPSA, wakala wa Serikali wa ununuzi, pale mnapojaza. Umeme uko kwenye risiti za LUKU, na kila risiti ina yuniti. Matumizi ya shule na zahanati yameingizwa FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo hivyo. Kuna jambo ambalo watu wa nje huwa hawalioni: ujenzi wa force account, ule unaolaumiwa kwa kukosa mkandarasi, ndio wenye data nzuri kuliko yote. Mkandarasi hukuletea jengo na ankara moja. Kamati ya shule inayonunua vifaa yenyewe inaandika mifuko mingapi, nondo ngapi za milimita 12, mabati mangapi ya geji gani, tarehe gani. Mchanganuo wa namna hiyo ndio mtafiti wa ujenzi anautafuta siku zote.

Jiandae kwa kazi ya kusafisha, haina ujanja. Kitu kimoja utakikuta kimeandikwa "saruji", "cement 42.5", "Twiga 50kg", "Tembo", na pengine "vifaa vya ujenzi" tu, basi. Vipimo navyo vitachanganyika: mfuko mmoja utaandikwa "1", tani moja nayo itaandikwa "1". Tengeneza kamusi yako ya majina kabla ya kugusa hesabu, na mstari usioweza kuutambua uweke kando na kuhesabu umechukua asilimia ngapi ya fedha zote. Usiukisie. Kumbuka pia kwamba NeST ilianza mwaka 2023 ikachukua nafasi ya TANePS, na manunuzi mengi madogo yaliyokuwa yakiishia kwenye karatasi yakaanza kuonekana mfumoni. Ukilinganisha 2022 na 2024 kwa data ya mfumo peke yake, utaona ongezeko ambalo ni la kuonekana tu. Leja za stoo zitakuokoa hapo, kwa kuwa zilikuwepo kabla na baada.

Ukishapata wingi, hesabu ni nyepesi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa, ya petroli kilo 2.3 hivi, na kilo moja ya gesi ya mitungi karibu kilo 3. Namba hizi hazibadiliki kwa bei wala kwa mwaka wa fedha, ni kemia.

Saruji inahitaji maelezo kidogo, na ndiyo ninayoipenda. Hewa ukaa ya saruji inatoka hasa kwenye klinka, yale mabonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji. Mawe ya chokaa yakichomwa tanurini huachia takriban kilo 520 kwa kila tani ya klinka, hata kama tanuri lingewashwa kwa nishati safi kabisa. Ukiongeza makaa ya mawe au gesi ya kuchomea, jumla hufika kati ya kilo 800 na 900. Sasa soma maandishi kwenye mfuko. CEM I ina klinka asilimia 95 au zaidi. CEM II inaweza kushuka hadi 65, na CEM IV hadi 45, nafasi iliyobaki ikijazwa na pozolana, majivu ya volkano ambayo kusini kwenu yapo ya kutosha. Tuseme darasa limetumia mifuko 200, yaani tani 10. Kwa klinka asilimia 95, kemia peke yake inatoa karibu tani 4.9, kwa asilimia 65 inatoa karibu 3.4. Tofauti ni tani moja na nusu kwa darasa moja, sawa na kuchoma lita 580 hivi za dizeli, na mara nyingi mfuko wenye klinka kidogo ndio wa bei nafuu. Tahadhari moja: aina ya saruji na nguvu yake ni vitu viwili tofauti, na nguzo au mkanda wa juu hauchezewi. Mhandisi akisema 42.5, ni 42.5. Ukibadilisha na saruji dhaifu, fundi ataongeza mifuko na faida yote itayeyuka. Kwa sababu hiyo pima kilo za hewa ukaa kwa darasa lililokamilika, usipime kwa mfuko.

Data ya saruji ina tundu lake, nalo ni nguvu za wananchi. Mchanga, mawe, maji na mara nyingi matofali ya kuchoma huletwa na kijiji bila ankara. Tofali la kuchoma limekula kuni, na tanuri moja la kijijini linaweza kumaliza miti mingi kuliko mtu anavyodhani. Hayo hayamo NeST wala FFARS. Ukilinganisha darasa la matofali ya kuchoma yaliyochangwa na darasa la tofali za saruji zilizonunuliwa, la kwanza litaonekana safi kwa sababu tu uchafu wake haukulipiwa. Uliza kwenye kila shule tofali zilitoka wapi. Swali hilo moja lina thamani kuliko dodoso zima.

Kwenye umeme kuna mtego wa aina nyingine. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi mwanzoni mwa 2024. Kadiri mitambo ya maji inavyochukua nafasi ya ile ya gesi, yuniti moja ya LUKU inabeba hewa ukaa kidogo kuliko zamani. Ofisi yenu inaweza kutumia yuniti zilezile, taa zilezile, viyoyozi vilevile, na hewa ukaa yake ikashuka. Sifa hiyo si ya afisa ugavi. Fanya hesabu mara mbili: moja ukishikilia kizidisho cha gridi (kilo za hewa ukaa kwa kila yuniti) cha mwaka wa mwanzo, ili ubaki na athari ya mlichonunua, nyingine kwa kizidisho cha kila mwaka husika, ili upate hali halisi. Taasisi za fedha za kimataifa huchapisha vizidisho vya gridi kwa kila nchi kupitia UNFCCC, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi. Angalia mwaka wa data iliyotumika, usiangalie mwaka wa chapisho, na tafadhali usiazime cha Kenya. Gridi yao ina jotoardhi na upepo mwingi, hailingani na yetu.

Sasa jikoni, ambako nadhani ndiko tasnifu yako ilipo. Unalijua katazo la Serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kutumia kuni na mkaa, lililowekewa ukomo wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Shule za bweni zilibadilika kwa nyakati tofauti. Nyingine ziliwahi, nyingine zilisubiri fedha, nyingine zina mitungi na bado kuni zimepangwa nyuma ya jiko. Kila moja ina kumbukumbu za ununuzi wa kuni kabla na gesi au makaa ya mawe yaliyosafishwa baada. Mabadiliko ya namna hii, yanayotokea kwa nyakati tofauti mahali panapofanana, mtafiti huwa anayaomba kwa Mungu.

Lakini ukiingiza data hiyo kwenye kikokotoo cha kawaida, utapata majibu ya kushangaza: shule iliyoacha kuni ikahamia gesi imeongeza hewa ukaa! Sababu ni kanuni ya hesabu. Katika orodha za taifa zinazofuata miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, hewa ukaa ya kuni haihesabiwi kwenye nishati. Inahesabiwa kwenye ardhi na misitu, pale miti inapopungua. Kikokotoo kinaandika sifuri kwa kuni, kinaacha methani na naitrasi oksidi tu, halafu kinaandika kilo 3 kwa kila kilo ya gesi. Ili ulinganifu uwe wa haki lazima ukadirie ni sehemu gani ya kuni hizo inatoka kwenye miti isiyoota tena. Miradi ya kaboni ya miaka ya nyuma ilitumia viwango vya juu mno, modeli za karibuni zimevishusha sana, na jibu lako litategemea namba hiyo kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo usichague moja. Toa matokeo kwa kiwango cha chini, cha kati na cha juu, na mwambie msomaji ni kiwango gani kinachogeuza hitimisho. Shule za kwenu zinaponunua kuni kutoka mashamba ya kupandwa ya misindano na mikaratusi, sehemu hiyo inaweza kuwa ndogo kabisa. Sema hivyo waziwazi hata kama haitawafurahisha wenye kampeni.

Halafu kuna lile neno "lengo la nchi" kwenye mada yako. Mchango wa Taifa wa Tanzania wa mwaka 2021, yaani ahadi ya nchi chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, unaahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo kama tungeendelea na mazoea. Maana yake tani zinaweza kupanda na lengo likafikiwa. Usiandike kwamba halmashauri ilitakiwa kushuka asilimia 30 kutoka mwaka fulani. Hakuna ahadi kama hiyo. Na lengo hilo linahesabu gesijoto inayotoka ndani ya mipaka yetu. Saruji ya Songwe, Tanga au Mtwara imo. Kuni za Mufindi zimo. Nondo zilizoyeyushwa nje, kompyuta na chuma cha gari la wagonjwa vimo kwenye hesabu ya nchi vilikotengenezwa, ingawa dizeli ya gari hilo ni yetu. Gawa basi matokeo yako sehemu mbili, ya ndani na ya nje, na sehemu ya ndani pekee ndiyo uilinganishe na lengo la taifa. Kazi nyingi za eneo hili huruka hatua hiyo, na jumla zao haziwezi kuwekwa karibu na takwimu yoyote ya Serikali.

Usitarajie athari kubwa, na usiogope kutoiona. Sweden, watafiti akiwemo Sofia Lundberg walifuatilia zabuni za huduma za usafi wakaona masharti ya mazingira hayakubadilisha sana ni nani anashiriki. Inawezekana masharti yalikuwa mepesi, na aliyekuwa ameshayatimiza akaendelea kama kawaida. California ikaonyesha upande mwingine: Timothy Simcoe na Michael Toffel waliona miji iliyojifunga kujenga majengo yake ya umma kwa viwango vya kijani ilivuta na wajenzi binafsi, hata wa miji jirani. Katika utafiti huo faida ilionekana hata nje ya mikataba ya Serikali yenyewe. Hilo kwako lina maana ya kiutendaji: uliza pia muuza gesi wa mjini kama alifungua kituo kwa sababu shule zilianza kununua.

Umeuliza kama halmashauri tano zinatosha. Inategemea nani alifanya uamuzi. Ukichunguza sharti lililowekwa na halmashauri, kwa mfano saruji ya klinka kidogo kwa majengo yote, una mashahidi watano tu, hata ukiwa na ankara elfu kumi, kwa sababu ankara zote za halmashauri moja zinafuata kalamu moja. Ukichunguza jikoni, uamuzi na tarehe ni za shule. Chukua shule 12 za bweni kwa kila halmashauri, miezi 36, upate shule 60 na mistari 2,160 ya shule kwa mwezi. Linganisha mabadiliko ya shule zilizohama na mabadiliko ya ambazo bado hazijahama katika miezi ileile, ugawe kwa idadi ya wanafunzi wanaokula, na uache nje miezi ya likizo. Makosa ya makadirio yakokotoe ukichukua mistari yote ya shule moja kama kundi moja, usiyakokotoe kwa mstari. Kabla ya yote chora grafu ya matumizi ya kila shule kabla ya kuhama. Kama zilizowahi zilikuwa tayari zinapunguza kuni, ulinganifu umevunjika na ni bora ujue mapema.

Dizeli iache kwa makala nyingine, saruji ifanye sura moja fupi ya kielelezo. Na ombi la kubadilisha mada lipeleke kwa msimamizi wiki hii, kabla chuo hakijaandika barua ya utambulisho, kwa sababu mkurugenzi wa halmashauri atatoa kibali kwa maneno yaliyo kwenye barua hiyo, na kama imeandikwa "dodoso kwa maofisa ugavi" hakuna mkuu wa shule atakayekufungulia leja ya stoo.